Uwatu, Habasoda na Vidonge vya Kopo kwa Mwenye Kisukari

Shangazi yangu ana kisukari. Kila alfajiri hunywa maji ya uwatu, kisha hulamba kijiko cha habasoda. Juzi akaongeza vidonge vya kromiamu alivyopewa na jirani. Adhuhuri nilimkuta jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno hayashikani. Kipimo kilisoma 3.1.

Hakula sumu. Uwatu hushusha sukari, habasoda pia, na kromiamu nayo yaweza kushusha. Naye tayari anameza glibenklamaidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini. Vyote hivyo juu ya chai kavu!

Kipimo kikiwa chini ya 3.9, mpe mgonjwa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, upime tena. Akipata nafuu ale, kisha apelekwe hospitali, maana glibenklamaidi yaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa. Asiyeweza kumeza msimtie kitu kinywani, mkimbizeni.

Mie simkatazi mtu uwatu. Ila usianze jipya bila kumwambia daktari, na siku ya kliniki beba makopo yote, hata chupa ya habasoda. Daktari wa shangazi hakuwahi kuuliza, na shangazi hakuwahi kusema.