Manze, Nyonga Haitaki Pupa

Agosti ikifika, Nairobi inajaa wasee wa kupiga tizi ngware, juu Nairobi Marathon huwa Oktoba na kila mtu anataka kilomita 21. Msee alikuwa anakimbia kilomita 10 kwa wiki, ghafla anaruka 40 ndio asiachwe na mbogi kule msitu wa Karura. Pumzi inakubali. Ngori ni kwa kano, zile kamba hushikanisha maso na mfupa. Hizo hujijenga mos mos, na mfupa pia.

Kama nyonga inauma kwa kando, pale kwa mfupa unaokanyaga godoro ukilala ubavu, mara mingi ni kano za haga zimelemewa. Ukikimbia, kila hatua unatua na mguu moja, na maso ya hapo ndio huzuia kiuno isianguke. Wengi huanza kuvuta goti mpaka ng'ambo ya pili, eti wananyoosha. Sare hiyo. Inazidi kufinya kano kwa mfupa. Kukunja nne kwa mat, ama kuegemea mguu moja kwa steji, ni noma ile ile. Usiku weka pilo katikati ya magoti.

Lakini usijifungie kwa keja pia. Toa milima na spidi kwanza, kata kilomita ziwe nusu, alafu skizia asubuhi inayofuata: nyonga ikiamka imetulia, endelea, ikiamka kali kuliko jana, umezidisha. Lala chali, kunja magoti, inua haga juu ushikilie. Ikizoea, fanya na mguu moja. Kano inataka kazi, bora iongezwe kidogo kidogo.

Mapro wa Iten huanza mbio nyepesi wakijikokota kwa murram hadi unaeza dhani wamechoka, na hao ndio hushinda majuu. Sisi wa mtaa tunataka kila siku iwe fainali. Mi naona hiyo inatuumiza kuliko raba mbaya.

Sasa kuna uchungu sitaki mtu avumilie: ya ndani kwa kinena, inauma ukikanyaga ama ukiruka na huo mguu, ama inakuamsha usiku. Wacha mbio leo leo. Inaeza kuwa ufa kwa shingo ya mfupa wa paja, na ukiikimbilia inaeza vunjika kabisa uishie tiata. Eksirei ya kwanza inaeza kosa kuiona, kwa hivyo picha ikitoka safi na bado inauma, uliza daktari kuhusu MRI. Na dame akiona siku zake zimepotea tangu aongeze tizi, ama msee yeyote anakimbia sana na anakula kidogo, mfupa inakosa kitu ya kujijenga nayo. Mwambie daktari hiyo pia, na ukitoka hapo pitia kibanda uagize chapo mbili na madondo.