Mikoko ya Gazi: mti usiokatwa nao una bei

Wafanyabiashara wa mbao na boriti wamezoea kwamba mti hupata bei ukishaangushwa. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale katika pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wanauza faida ya mikoko ikiwa ingali imesimama.

Bidhaa yenyewe ni hewa ukaa. Mkoko huivuta na kuihifadhi katika shina, mizizi na, zaidi ya yote, katika tope lililo chini yake. Msitu ukifyekwa, sehemu ya akiba hiyo hurudi angani. Kila tani iliyothibitishwa huandikiwa cheti, ambacho hununuliwa na makampuni na watu binafsi wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa.

Mradi huo, Mikoko Pamoja, ulianza mwaka 2013 chini ya utaratibu wa Plan Vivo kwa kipindi cha miaka 20. Eneo lake ni hekta 117, na makadirio ni tani 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa dola za Marekani zipatazo 12,000 kwa mwaka, yaani kama dola 4 kwa tani. Fedha hizo zimesaidia kupeleka maji na vitabu vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni.

Hata hivyo, mjenzi bado anahitaji boriti na mama bado anahitaji kuni. Ndiyo maana mradi ulipanda pia mivinje ya kukata. Bila mbadala huo wakataji wangerudi mikokoni, tani zingepungua, na kijiji kisingekuwa na cha kuuza.

Mwekezaji mdogo akumbuke kwamba soko hili ni la hiari: mnunuzi akijitoa, vyeti hubaki mkononi. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, miradi ya aina hii ya ardhini nchini Kenya inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo, kabla ya kutia fedha katika mradi wowote wa namna hii, uliza mambo matatu: nani anapima tani, nani ananunua, na wanakijiji watapata wapi kuni. Swali la tatu likikosa jibu, mawili ya kwanza hayana thamani.