Sungura Wako Hakufa Ghafla, Tumbo Lilisimama

Kila baada ya likizo za shule, maneno ni yale yale katika mitaa yetu ya Mombasa: "Sungura wa watoto kafa ghafla. Jana alikuwa mzima, leo tumemkuta amekauka." Wengine husema ni jicho la hasidi, wengine husema sungura hana maisha. Mimi nafuga sungura huku Kisauni kwa miaka sasa, na kauli hizo sizikubali. Sungura wa nyumbani akitunzwa vyema huishi miaka 8, na wengine hupita 10. Naamini wengi wa hawa wanaokufa "ghafla" huuliwa na kile tunachowalisha, na safari ya kifo huanzia tumboni saa nyingi kabla hatujaona chochote.

Tuanze na tumbo lenyewe. Sungura hula majani kama mbuzi, lakini tumbo lake si la mbuzi. Hacheui, wala hawezi kutapika. Kilichoingia mdomoni lazima kipite njia nzima. Kazi kubwa hufanyika nyuma, katika kifuko kikubwa kilichopo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo mnaishi bakteria wazuri wanaochachusha majani na kuyageuza kuwa lishe. Zile nyuzinyuzi ngumu za nyasi haziingii humo. Kazi yake ni kuusukuma utumbo, mithili ya ufagio, mpaka zitoke zikiwa punje kavu za mviringo.

Sungura hutoa pia choo cha aina ya pili, aghalabu usiku au alfajiri. Hiki ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu, na yeye hukila papo hapo kikitoka. Watu huona kinyaa wakadhani ni njaa au maradhi. La, hivyo ndivyo anavyopata protini na vitamini zilizotengenezwa na wale bakteria wake. La kushtua ni ukikuta choo hicho laini kimebaki sakafuni kila siku. Mara nyingi maana yake ni kwamba anakula wanga na vitamu kupita kiasi.

Na hapo ndipo penye tatizo letu. Sisi watu wa Pwani hatupendi kutupa chakula. Mahamri yaliyobaki asubuhi, vipande vya mkate, ugali, wali, ndizi mbivu, vyote huishia kwa sungura. Kwa kuwa anavila kwa furaha, tunadhani vinamfaa. Wanga na sukari vikizidi, bakteria wabaya hupata karamu, gesi hujaa, na utumbo hupunguza mwendo. Tumbo likimuuma, hali. Asipokula, utumbo huzidi kulala. Hata karoti, ambayo vitabu vya watoto vimetuaminisha kuwa ndiyo chakula chake, ina sukari nyingi. Mpe kipande kidogo mara mojamoja. Majani yake ndiyo yanayomfaa zaidi.

Basi ale nini? Nyasi. Sehemu kubwa kabisa ya mlo wake, kama asilimia 80 au zaidi, iwe nyasi, na zisikosekane mchana wala usiku. Nyasi pia humsaga meno, kwani meno ya sungura hukua maisha yake yote. Yasiposagika hurefuka, humchoma mdomoni na kumzuia kula. Ukipata nyasi ndefu za shambani, zikate, uzianike na kuzigeuza mpaka zikauke vizuri, kisha uziweke mahali pakavu. Unyevu wetu wa Pwani huleta ukungu upesi, na nyasi zenye ukungu ni sumu. Usikate kando ya mitaro ya maji taka, wala usimpe nyasi zilizorundikwa mpaka zikapata moto.

Juu ya nyasi, mwongezee konzi ya majani kila siku: matembele, giligilani, majani ya karoti, mchicha kidogo. Kabichi isiwe nyingi, huleta gesi. Peleti za dukani zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Usimpe kabisa parachichi wala majani yake, majani mabichi ya muhogo, majani ya viazi mbatata, vitunguu, wala maharagwe makavu. Ukitaka kumbadilishia chakula, fanya polepole kwa wiki moja au mbili, ili bakteria wa tumboni wazoee. Na mwana wa sungura asitengwe na mamake kabla ya wiki 6, maana tumbo lake bado ni changa.

Maji nayo ni nusu ya chakula. Yule sungura mjanja wa hadithi zetu ni mnyama wa porini aliyezoea jua la Afrika. Huyu wa kufugwa ni mwingine, asili yake Hispania na Ureno, na joto letu la Februari na Machi humtesa. Joto likizidi hula kidogo, na asipokunywa, vilivyomo tumboni hukauka. Muweke kivulini penye upepo. Mpe maji safi asubuhi na jioni, na ukimuwekea chupa ya maji yaliyoganda ajiegemeze, utakuwa umemsaidia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sungura ni mficha maradhi kwa maumbile, kwani porini anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo mtazame kila siku, na utazame choo chake. Punje zikiwa ndogo, chache au zimekoma, akijikunyata pembeni, akisaga meno, masikio yakiwa baridi, usingoje kesho. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa mahututi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au uulize ofisi ya mifugo ya kaunti iliyo karibu nawe. Tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, usimlazimishe kumeza kitu. Kimbia naye.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naliomba sana. Usimpe sungura dawa za binadamu au za kuku kwa kubahatisha. Amoksisilini, yale makapsuli yaliyojaa majumbani mwetu, akipewa kwa mdomo huua bakteria wazuri wa tumboni. Wabaya wakibaki peke yao hutoa sumu, na mnyama akafa kwa kuharisha siku chache baadaye. Mwenye nyumba atasema, "Hata dawa nilimpa."

Mnyama wa nyumbani ni amana. Hana ulimi wa kudai haki yake, na anachokidai ni kidogo: nyasi, maji, kivuli, na mtu wa kumtazama. Mzazi unayetaka kumnunulia mwanao sungura sikukuu ijayo, tafuta kwanza mahali pa kupata nyasi za kila siku. Ukizikosa, usimnunue.