Pumu ya ngozi: Mafuta ghali si lazima yawe bora kwa mtoto

MVUA zinapokatika mwezi Mei, hewa ya Goweko hukauka na kubaki hivyo kwa miezi kadhaa. Kwa mzazi wa eneo hilo la Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, lililopo kando ya Reli ya Kati, hicho ni kipindi kigumu iwapo mtoto wake ana pumu ya ngozi. Mafuta ya kupaka humalizika upesi, fedha ni chache, na dukani kila kopo linasifiwa kuliko jingine.

Pumu ya ngozi, ambayo pia huitwa ukurutu, haiambukizi. Ngozi ya mtoto mwenye maradhi hayo hushindwa kuhifadhi maji yake na kuzuia vumbi, sabuni kali na vijidudu visipenye. Hukauka, huwasha, na mtoto anapojikuna huzidi kuchubuka. Mafuta ya kulainisha ngozi hayaponyi chanzo chake, bali huifunika ngozi ili unyevu usipotee. Ndiyo maana hupakwa kila siku, hata pale ngozi inapoonekana kutulia.

Ni mafuta yapi, basi, yanayofaa zaidi? Swali hilo lilijaribiwa nchini Uingereza katika utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Watoto 550 wenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 12 waligawanywa katika makundi manne: losheni, krimu, jeli, na marhamu, yaani mafuta mazito ya mgando.

Mgawanyo huo ulifanywa kwa bahati nasibu. Kama kila mzazi angejichagulia, huenda wenye watoto walioathirika zaidi wangekimbilia mafuta mazito, na mwishowe isingejulikana kama tofauti iliyoonekana imetokana na mafuta au na ukali wa maradhi.

Kwa wiki 16, wazazi walijibu maswali saba kila wiki: ni siku ngapi ngozi ya mtoto iliwasha, ilimkosesha usingizi, ilitoa damu, ilitoa majimaji, ilipasuka, ilibambuka au ilikauka. Majibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 28. Alama 3 hadi 7 huhesabiwa kuwa maradhi mepesi.

Matokeo yalionyesha kuwa hakuna aina iliyozishinda nyingine katika kupunguza dalili. Tofauti ilijitokeza katika kuchonyota: kulitajwa kwa asilimia 20 ya watoto waliopaka losheni, asilimia 19 ya jeli, asilimia 17 ya krimu, na asilimia 9 tu ya marhamu.

Hata hivyo, utafiti huo ulifanyika kwenye nchi ya baridi, na watoto wengi walioshiriki walikuwa Wazungu. Hauwezi kuhamishiwa Tabora neno kwa neno. Katika ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Sehemu iliyoathirika huweza kuwa ya kahawia iliyokolea, ya kijivu au yenye vipele vidogo. Mzazi anayesubiri kuona wekundu anaweza kuchelewa.

Funzo kubwa linabaki palepale: mafuta bora ni yale ambayo mtoto anayavumilia na familia inamudu kuyanunua tena yakiisha. Kwa maradhi mepesi, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato yanaweza kutosha.

Mzazi anaweza kuyajaribu nyumbani kwa uangalifu. Apake kiasi kidogo sehemu moja ya mkono wa mtoto kwa siku chache. Kukitokea vipele au muwasho kuongezeka, aache. Yakikubalika, apake angalau mara mbili kwa siku, hasa baada ya kuoga, kwa kufuata uelekeo wa vinyweleo bila kusugua. Mafuta ya kopo yachotwe kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili yasiingie vijidudu.

Tahadhari mbili ni muhimu. Kwanza, krimu za kujichubua zisipakwe kwa mtoto kamwe. Baadhi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Steroidi huweza kutuliza muwasho upesi na kumfanya mzazi aamini amepata dawa, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Dawa za steroidi zina nafasi yake katika tiba, lakini kwa maelekezo ya mganga. Pili, nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hushika moto haraka, hivyo mtoto aliyepakwa asikae karibu na koroboi wala jiko.

Mtoto akitokwa na majimaji, magamba ya njano au homa, au akikosa usingizi usiku baada ya usiku, apelekwe kituo cha afya, kwani huenda ngozi imeingiwa na vijidudu. Nchini Tanzania wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa katika kituo cha kanda kilichopo Moshi tangu mwaka 1992, lakini kutoka Goweko hadi Moshi ni safari ndefu. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kila siku humwangukia mzazi aliyesimama mbele ya rafu ya duka, na bei iliyoandikwa kwenye kopo haimwambii lipi litamfaa mwanawe.