Miili ya wachimbaji iliyobaki ardhini: Itolewe au iachwe?

KILA mgodi unapoporomoka au kujaa maji, maswali mawili hufuatana. La kwanza ni kama kuna aliye hai huko chini. La pili, ambalo kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini, ni kama waliokwisha kufa watolewe kwa gharama yoyote au waachwe walipo.

Kwa wakazi wa Majengo na mitaa mingine ya mji wa Moshi, swali hilo la pili si geni. Machimbo ya tanzanite ya Mererani, wilayani Simanjiro, hayafiki kilomita 80 kutoka hapo. Ni kufuata barabara ya Arusha hadi njia panda ya KIA, kisha kilomita 26 kuelekea machimboni. Tangu madini hayo yagunduliwe mwaka 1967, vijana wa Kilimanjaro wamekuwa miongoni mwa wanaoshuka mashimoni kutafuta riziki, na misiba ya Mererani imekuwa ikiwafikia ndugu zao mjini Moshi na kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Mitatu kati ya misiba hiyo inakumbukwa zaidi. Aprili 1998, wakati wa mvua za El Nino, mafuriko yaliingia mashimoni na waliokufa wakakadiriwa kuzidi 100. Juni 2002, takriban wachimbaji 40 walipoteza maisha kwa kukosa hewa. Usiku wa Machi 28, 2008, mvua kubwa ilisukuma maji mashimoni kwa mara nyingine, na zaidi ya watu 60 wakafa.

Mwaka 2002 mashimo yalikuwa makavu na marehemu waliweza kufikiwa. Mwaka 2008 pampu zilifanya kazi kwa siku nyingi huku miili ikiopolewa kidogo kidogo na ndugu wakisubiri juu. Mwaka 1998 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani wengi wa waliokuwa chini hawakuonekana tena.

Kwa nini kutoa miili ni kazi ngumu

Mtu aliyezoea kuona kisima cha maji anaweza kudhani kwamba shimo la Mererani hunyooka kwenda chini. Ukweli ni kwamba njia zake hufuata mshipa wa madini, zikipinda na kugawanyika mamia ya mita ardhini, na mahali pengine mchimbaji hulazimika kutambaa kwa tumbo.

Zaidi ya hapo, njia za mgodi mmoja hukutana na za mgodi wa jirani, jambo ambalo wachimbaji huliita mtobozano. Kutokana na hali hiyo, maji yaliyoingia shimo moja husambaa katika mengine. Anayevuta maji kwa pampu katika shimo lake anaweza kuwa anavuta maji ya majirani zake wote, na mwili wa aliyeshukia shimo moja unaweza kuonekana katika jingine.

Hatari haiishi maji yanapopungua. Mwamba wa eneo hilo una kinywe, madini laini na yenye utelezi, na kuta zilizoloa hupoteza nguvu. Maji yaliyokuwa yakizisukuma yakiondolewa haraka, kuta hizo zinaweza kuanguka. Katika njia zilizofungwa, hewa huwa na oksijeni kidogo na pengine gesi za sumu. Mwokoaji anayeshuka bila mashine ya hewa huenda naye akahitaji kuokolewa.

Hatari hiyo imekwisha kuonekana kwingineko. Agosti 2007, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Crandall Canyon, jimbo la Utah nchini Marekani, wachimbaji 6 walifukiwa. Siku 10 baadaye waokoaji 3 waliokuwa wakiwatafuta waliuawa na mporomoko mwingine. Utafutaji wa chini ya ardhi ukasitishwa, na wale 6 wamo mlimani hadi leo.

New Zealand ilipita njia ndefu zaidi. Mlipuko wa Novemba 19, 2010 katika mgodi wa Pike River uliua watu 29, na mlipuko wa pili siku 5 baadaye ukaondoa matumaini yote. Familia zilidai kwa miaka mingi mgodi ufunguliwe, na mwaka 2019 wataalamu waliingia katika njia yake kuu. Mwaka 2021 kazi hiyo ilikomeshwa bila mwili hata mmoja kutolewa. Nchini Afrika Kusini, wachimbaji 435 waliofunikwa katika mgodi wa Coalbrook Januari 1960 hawakutolewa kamwe.

Kukata tamaa mapema nako ni hatari

Mifano hiyo inaweza kumfanya mtu aseme kwamba busara ni kufunga shimo na kuomba dua. Lakini Tanzania ina mfano unaoonya dhidi ya haraka hiyo.

Oktoba 5, 2015, wachimbaji 6 walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama mkoani Shinyanga. Novemba 15, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikwisha kufariki shimoni, na mmoja wa waliookolewa alifariki baadaye hospitalini. Waliishi kwa kula mizizi, vyura na wadudu.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kuacha miili hauna budi kutanguliwa na uhakika kwamba chini hakuna anayepumua. Shimo lililojaa maji hadi juu na shimo lililozibwa na kifusi hayalingani. La kwanza mara nyingi halimwachii mtu nafasi, ilhali la pili linaweza kuwa na chumba chenye hewa mahali fulani.

Kaburi na maana yake

Upande wa pili wa mizani ni familia. Katika miteremko ya Kilimanjaro, maiti husafirishwa kutoka Dar es Salaam na hata nje ya nchi ili izikwe kihambani, katika migomba ya ukoo. Kaburi humrudisha marehemu kwa wazee wake na huwapa watoto mahali pa kusimama. Mzazi ambaye mwanawe amebaki Mererani hukosa jambo hilo, hata kama kifo chenyewe hakina shaka.

Kwa Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya jamii ya Majengo, maiti ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Mafundisho ya dini yanamhesabu aliyekufa kwa kuzama au kuangukiwa na kifusi kuwa miongoni mwa mashahidi, na hiyo ni faraja kubwa. Hata hivyo, wanazuoni wametofautiana kuhusu kumsalia mtu ambaye haiwezekani kumtoa na kumwosha. Kwa Wakristo, ibada inaweza kufanyika bila jeneza, ingawa familia nyingi huiona kama msiba ambao haujafungwa.

Jamii mbalimbali zimebuni njia za kukabili pengo hilo. Wajaluo, kwa mfano, wana desturi ya kuzika tunda la mti wa yago badala ya mwili usiopatikana. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, baadhi ya abiria walibaki ziwani, na makaburi ya pamoja ya Igoma yakawa mahali pa kumbukumbu.

Cheti, mirathi na eda

Nyuma ya majonzi lipo suala la sheria. Bila mwili, hakuna daktari wa kuthibitisha kifo kwa macho yake, na bila uthibitisho, cheti cha kifo huwa kigumu kupatikana. Bila cheti, mahakama haina pa kuanzia katika mirathi, benki haifungui akaunti na kiwanja hakibadilishwi jina.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu mtu kuhesabiwa kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake. Kwa mjane mwenye watoto wadogo, miaka 5 ni mingi. Mjane wa Kiislamu ana swali la ziada: eda yake ya miezi minne na siku kumi ihesabiwe tangu lini?

Mwili ukipatikana, hata baada ya muda mrefu, mengi ya hayo hupata jibu. Sura isipotambulika, ndugu hutumia nguo, meno au alama za mwilini. Hayo yakishindikana, Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupima vinasaba, shughuli inayoongozwa na sheria ya mwaka 2009.

Uamuzi huanza kabla ya maafa

Kinachojitokeza katika matukio haya yote ni kwamba swali la kutoa au kuacha miili hutegemea jambo dogo linalofanyika kabla ya ajali, yaani kuandika majina ya wanaoshuka.

Mwaka 1998 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni wangapi walikuwa chini. Wengi wa wanaapolo, kama wanavyojulikana wachimba tanzanite, walifanya kazi bila mkataba wala mshahara, wakitegemea mgawo pale madini yatakapopatikana. Wengine walifahamika kwa majina ya utani tu. Katika hali hiyo, mkuu wa uokoaji hajui aache kutafuta lini, kwa kuwa hana hesabu ya kufikia.

Kukosa hesabu huzaa pia mashaka yasiyokwisha. Huko Bulyanhulu, madai kwamba wachimbaji wadogo walifukiwa wakiwa hai Agosti 1996, wakati eneo hilo lilipokuwa likikabidhiwa kwa kampuni, yalibishaniwa kwa miaka mingi. Serikali na kampuni waliyakanusha, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko haikuona msingi wake. Wanasheria watetezi wa wachimbaji hawakuridhika. Daftari la kuaminika la walioshuka na waliopanda lingeufupisha ubishi huo, kwa upande wowote ambao ukweli ungeegemea.

Mwaka 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa kuzunguka machimbo ya Mererani, na wanaoingia hupita kwenye lango na kukaguliwa. Lengo lake kuu lilikuwa kuzuia utoroshaji wa madini. Lakini kupita langoni si sawa na kushuka shimoni. Anayehitajika ni mtunza daftari katika mdomo wa kila shimo, anayeandika jina kamili, jamaa wa karibu na saa ya kushuka, na kulihifadhi daftari hilo mahali ambapo maji hayafiki. Sambamba na hilo inahitajika ramani ya njia za chini, ikiwamo mitobozano, ili waokoaji wajue wanakokwenda.

Vitu hivyo viwili vikiwapo, maamuzi huwa mepesi kidogo. Panapofikika bila kuhatarisha roho nyingine, miili itolewe, hata kama kazi itachukua wiki kadhaa. Pasipofikika, familia zielezwe ana kwa ana sababu za kusitisha, majina ya marehemu yaandikwe kwenye mnara mahali hapo, na daftari lipelekwe mahakamani kama ushahidi ili wajane wasingoje miaka 5.

Hakuna daftari litakalomfariji mama anayetaka kumzika mwanawe kihambani. Litamwezesha walau kujua kwa hakika kwamba mwanawe alishuka siku ile, katika shimo lipi, na kwamba walioacha kumtafuta walijua wanamwacha nani.