Bangi Yenye Jina la Aiskrimu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi iko bidhaa inayojitembeza kwa majina ya vitu vitamu: keki ya harusi, biskuti, aiskrimu. Bidhaa hiyo ni bangi. Juma hili nataka tuitazame aina moja maarufu, iitwayo Gelato, tujue jina hilo linaeleza nini na linaficha nini. Jambo hili linatuhusu, maana vijana wetu hulisikia jina hilo katika nyimbo, na wengi wetu tuna ndugu huko Marekani, ambako katika baadhi ya majimbo aina hiyo huuzwa dukani.

Gelato ni neno la Kiitaliano, na maana yake ni aiskrimu. Lakini ndani ya mmea huo hamna maziwa, wala hakuna mtu aliyeumwagia sukari. Ni bangi chotara, iliyozalishwa katika eneo la San Francisco, jimbo la California, katika miaka ya 2010. Kwa maelezo ya wakuzaji wake, wazazi wake ni Sunset Sherbet na Thin Mint Girl Scout Cookies. Huyo Sunset Sherbet naye ni mtoto wa Girl Scout Cookies. Kwa hiyo ukoo mmoja umeingia kuumeni na kukeni, na ndio ulioleta ule utamu wa harufu.

Mkulima wa mahindi atanielewa upesi. Anajua kwamba ukipanda tena punje ulizovuna kwenye mahindi chotara, hupati shamba lililo sawa na la mwaka jana. Bangi chotara nayo ni hivyo hivyo. Anayetaka Gelato ileile hukata vipande kutoka mmea mmoja na kuvipanda, kama sisi tupandavyo muhogo. Anayepanda mbegu tu huweza kupata watoto wa sura na nguvu mbalimbali, na wote akawauza kwa jina moja.

Sura yake ikoje? Maua yake yameshikamana, ni ya kijani kilichoiva, mara nyingi yenye zambarau, na juu yake kuna vinyweleo vya rangi ya chungwa. Rangi ya zambarau haiongezi ukali. Ni rangi ya jamii ileile iliyomo katika rosela. Kisha ua zima limefunikwa na chembe nyeupe zinazonata. Hizo ndizo tezi za mmea, na humo ndimo zinamotengenezwa harufu na ulevi.

Hapa naomba msikilizaji unisikilize vizuri. Harufu na ulevi hutoka katika tezi hizo hizo, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Harufu huletwa zaidi na mafuta mepesi yaitwayo terpini. Iko limonini, ambayo utainusa ukimenya chungwa. Iko kariofilini, ambayo imo katika pilipili manga na katika karafuu za Unguja na Pemba. Iko linaluli, iliyo katika maua ya lavenda. Mchanganyiko wa hayo, pamoja na kemikali nyingine chache, ndio unaomfanya mtu aseme amenusa malai na matunda.

Ulevi, kwa upande wake, huletwa na THC, kemikali ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga huko Israel mwaka 1964. THC haina harufu. Basi pua haiwezi kukuambia ukali wa bangi, kama vile utamu wa juisi usivyoweza kukuambia kiasi cha pombe iliyotiwa ndani yake.

Na ukali huo umepanda. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC wastani wa asilimia 4 hivi. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa kama asilimia 12. Lebo za Gelato mara nyingi huonyesha asilimia 20 au zaidi. Piga hesabu: gramu moja ya asilimia 4 ina miligramu 40 za THC, gramu moja ya asilimia 20 ina miligramu 200. Anayedhani anavuta kitu kilekile alichovuta mjomba wake zamani amekosea mara tano. Wapo wanaosema huwatuliza na kuwachangamsha. Lakini kikizidi, moyo huenda mbio, hofu humshika mtu, na kichwa hakifai kushika usukani.

Je, lebo husaidia? Kwa sehemu tu. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya sampuli karibu 90,000 kutoka majimbo sita ya Marekani. Waliona kwamba maneno “indika”, “sativa” na “chotara” hayalingani sawasawa na kemikali zilizomo.

California iliruhusu bangi kwa watu wazima kwa kura ya mwaka 2016, na maduka yakaanza kuwauzia wenye miaka 21 na zaidi Januari 2018. Sheria yao inakataza vifungashio vinavyowavutia watoto. Hata hivyo majina ya peremende yameendelea, hata mwaka 2021 kampuni ya Wrigley, inayotengeneza peremende za Skittles, ikawashtaki waliouza bangi kwa jina la Zkittlez. Tena viko vyakula halisi vilivyotiwa bangi, na watoto wadogo huko wamepelekwa hospitali baada ya kuvila wakidhani ni pipi.

Kwetu Tanzania na Kenya, kuvuta au kuuza bangi ni kosa la jinai, iwe na jina la aiskrimu au isiwe nalo. Nionavyo mimi, kumwambia kijana “ni mbaya” na kuishia hapo hakutoshi, kwa sababu pua yake itamwambia kwamba ni tamu. Tumweleze kwamba kinachonukia sicho kinacholevya. Akishajua hilo, jina tamu halitamdanganya kwa urahisi.