Nyumba Shanwe, ufuo Karema: kabla hujalipia kiwanja Katavi

Anayetafuta nyumba ya kuishi mjini hutaka mambo mawili: mtaa wenye watu na mahali pa kupumzikia. Dar es Salaam mambo hayo hukutana Msasani na Kawe, ambako bahari iko mwisho wa barabara, na bei ya kiwanja hukufukuza kabla hujamaliza kuuliza. Katavi yametengana. Mtaa wenye watu uko Shanwe, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda. Mchanga na maji viko Karema na Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwenda magharibi.

Siku hizi watu wanavitafuta vyote viwili kwa pupa moja. Wengine wananunua kiwanja cha mjini bila kuuliza jirani. Wengine wanasikia habari za bandari ya Karema na kutaka kuwahi kipande cha ufuo. Shauri langu kwao ni hili: fedha ya nyumba ipeleke mtaani, na ufuo uachwe uwe wa wote. Sababu zake ziko katika sheria, katika historia ya ziwa na katika maisha ya kila siku ya mtaa.

Mji uliokua kuliko ramani yake

Mpanda ilikua kwa sababu ya madini ya risasi. Ili kuyasafirisha, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, lililokamilika mwaka 1950. Mgodi haukudumu, lakini treni ilibaki, na kwa miongo mingi ndiyo iliyowavusha watu na mizigo pale masika yalipokata barabara.

Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa kamili, na Mpanda ikawa makao makuu. Ofisi za serikali zilileta watumishi, watumishi wakahitaji vyumba, na wenye mashamba pembezoni mwa mji wakaanza kuuza. Kisha ikaja lami ya Tabora kupitia Koga, na safari iliyokuwa ya kubahatisha ikawa ya kupangiwa muda.

Takwimu zinaeleza kilichofuata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 102,900 katika mji wa Mpanda. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 240,000. Mkoa mzima ulitoka watu 564,604 hadi 1,152,958, na kuwa miongoni mwa mikoa inayokua kwa kasi kubwa zaidi nchini. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenyeji wa eneo hili, leo wanaishi ua kwa ua na Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine waliofuata mashamba, biashara na dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Mji unaoongeza watu zaidi ya mara mbili katika miaka kumi hauwezi kumsubiri mpimaji. Shamba la mahindi la msimu uliopita linakatwa vipande, matofali ya kuchoma yanapangwa, msingi unachimbwa, na barabara inakumbukwa wakati bati limeshapigwa. Ndipo anapoonekana mtu anayemwomba jirani apitishe gari la maji uani kwake, au familia inayobeba mgonjwa mikononi hadi mahali bajaji inapoweza kufika.

Thamani ya mtaa ni watu wake

Pamoja na hayo, mtaa wa mjini kama Shanwe una kitu ambacho hakipatikani kwenye kiwanja cha mbali, hata kiwe kikubwa namna gani. Genge liko karibu, fundi cherehani yuko karibu, wakala wa fedha yuko karibu, na mama lishe anajua nani anakula bila pilipili. Mtoto hutumwa chumvi akarudi kabla maji hayajachemka. Anayejenga vyumba viwili vya ziada hapati shida ya wapangaji, kwa kuwa mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wanataka kukaa mahali ambapo bodaboda inapatikana usiku.

Mgeni anayehamia hujitambulisha kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wanaopakana naye. Si adabu pekee. Jirani ndiye anayejua kiwanja kiliwahi kuuzwa mara ngapi, nani alilima hapo mwanzo, maji ya mvua yanapita wapi, na kama kuna ndugu aliyeko Kigoma anayedai fungu lake. Habari hizo haziandikwi kwenye tangazo la dalali.

Unachonunua ni haki

Watu wengi husema wamenunua ardhi. Kisheria, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinampa mwananchi haki ya kuimiliki na kuitumia. Mjini haki hiyo huthibitishwa kwa hati, mara nyingi ya miaka 33, 66 au 99, yenye masharti ya matumizi, uendelezaji na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Muulize: una haki gani hapa, na nani mwingine anaijua?

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na mawe ya mipaka. Chukua namba hiyo uipeleke ofisi ya ardhi ya manispaa, kisha ufanye upekuzi kwa msajili wa hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, hivyo mtu wa Mpanda hana tena sababu ya kusafiri mbali kutafuta jalada. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, kama benki inashikilia hati kwa mkopo, na kama kuna zuio. Ukimaliza, nenda na mpimaji uwanjani mkahakikishe mawe yapo pale ramani inaposema.

Kiwanja ambacho hakijapimwa ndicho chenye mitego. Uliza kwenye mipango miji eneo hilo limetengewa nini. Viko viwanja vinavyouzwa kwa bei ya chini kwa kuwa kwenye ramani ni barabara, shule au eneo la wazi. Siku tingatinga litakapokuja, karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi watatu haitalizuia.

Uliza pia juu ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke au mume aonekane, asikilizwe na asaini. Kama mwenye kiwanja alifariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza au kushika funguo hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Migogoro mingi huanzia hapo, na ikishaanza ni mirefu: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linabaki kusuluhisha tu, na uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Ile desturi ya kumkatia mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya bei haina msingi katika sheria za ardhi. Mwenyekiti ni kiongozi anayewafahamu watu wake, na taarifa zake zina uzito. Muhuri wake, hata hivyo, hauwi hati. Fedha hiyo ingetosha kumlipa mwanasheria aandike mkataba unaoeleweka, au kuchangia upimaji wa eneo lenu. Weka akiba pia ya kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, na mkubaliane mapema kwa maandishi nani analipa kipi.

Jambo moja halihitaji ofisi: kitembelee kiwanja wakati wa mvua. Mpanda hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiwanja kinachovutia Agosti kinaweza kuwa njia ya maji Februari.

Ufuo hauna mpaka wa kudumu

Sasa twende ziwani. Karema haikuanza na bandari. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, Wamisionari wa Afrika wakakipokea mwaka 1885, na Dk. Adrian Atiman akatibu watu hapo kuanzia mwaka 1889 kwa miongo mingi hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Bandari mpya, iliyogharimu takriban Sh bilioni 48, imejengwa ili kupokea mizigo ya Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa. Ni jambo jema kwa mkoa. Ila bandari inapokuja, dalali hutangulia.

Anayetaka kujenga kando ya ziwa aanze na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Na pale ambapo ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji huigawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mzee mmoja mwenye kalamu hawezi kukuuzia ufuo wa wanakijiji.

Ziwa lenyewe linaiunga mkono sheria hiyo. Katika miaka ya 1870 Tanganyika lilijaa hadi mto Lukuga, upande wa Kongo, ukafunguka na kuyatoa maji. Kuanzia mwaka 1878 hadi miaka ya 1890 kina chake kilishuka kwa mita zipatazo 10. Kule Ujiji, mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda tena kwa nguvu. Likapanda tena miaka hii ya karibuni, likaingia majumbani Bujumbura na Gatumba nchini Burundi, na Uvira na Kalemie nchini Kongo.

Bahari nayo haina huruma. Kunduchi, Dar es Salaam, mawimbi yalikula ufuo hadi kuharibu soko la samaki na hoteli ya Africana. Waliojenga hapo hawakuwa maskini wala wajinga. Walipima ukingo siku moja na kuamini utakaa palepale.

Tena ufuo una kazi. Karema na Ikola, mchanga ndiyo karakana ya mvuvi: hapo hupaki mtumbwi, hushona nyavu, huanika dagaa. Ukuta mmoja wa nyumba ya mapumziko unawaondoa watu wengi kazini. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya kuwa mtaa wa watu wenye nafasi, na leo njia za kufika majini ni chache. Coco Beach, iliyobaki wazi, hujaa familia za kila hali mwisho wa wiki. Tofauti hiyo ilitokana na uamuzi wa kutenga eneo la umma na kulitetea.

Kinachopaswa kufanyika sasa

Manispaa ya Mpanda ikamilishe upangaji na upimaji wa kata zinazokua, Shanwe ikiwemo, na ramani zibandikwe kwenye ofisi za mitaa ili mnunuzi asome kabla ya kulipa. Wakazi wakubali kutoa mita chache za viwanja vyao kwa barabara, kwa kuwa barabara ndiyo inayoipa nyumba yao bei na ndiyo itakayopitisha gari la zimamoto. Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, pamoja na vijiji vya mwambao, iweke alama za mita 60 na itenge maeneo ya wavuvi na ya watu wote, sasa, wakati bei haijapanda na hakuna wa kufidiwa.

Nawe mnunuzi, jenga Shanwe, uwe na hati, uwe na majirani wanaokujua kwa jina. Ukichoka, panda gari ukaoge Karema na wanao, kwenye ufuo ambao si wako peke yako, na kwa hiyo hakuna atakayekuzuia kuufikia.